Gari lina jina la shemeji, mtoto ana baba mwingine: tutavukaje mpaka?

BARUA YA MSOMAJI

Mpendwa mshauri,

Ninaandika saa tano usiku, nyumba nzima imelala, na mezani mbele yangu kuna bahasha ya plastiki yenye karatasi zote za safari. Nimezipanga na kuzipangua mara ya nne wiki hii. Nina miaka 38. Niliolewa miaka saba iliyopita na tuna watoto wawili: binti wa miaka 11 niliyemzaa kabla ya ndoa hii, na mvulana wa miaka mitano.

Dada yangu mkubwa aliolewa nchi jirani. Ni miaka sita hatujaonana ana kwa ana. Mwaka huu amejifungua baada ya kuhangaika muda mrefu sana, na siku ya tatu alinipigia simu, sauti bado haijarudi vizuri, akaniambia, "Njooni wote. Usije peke yako." Mume wangu alikuwa kando yangu akasikia, na papo hapo akasema tutakwenda kwa gari letu. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Ni kama kilomita 900 kwenda, siku mbili barabarani. Zimebaki wiki saba.

Tatizo ni kadi ya gari. Gari hili tulilinunua kwa kaka yake mume wangu miaka mitatu iliyopita, kwa kulipa kidogo kidogo, na makubaliano yalikuwa ya mdomo. Malipo ya mwisho yakaleta maneno. Shemeji anasema hayajamfikia, mume wangu anasema alimkabidhi taslimu mkononi, na karatasi hakuna. Umepita zaidi ya mwaka hawasemezani. Jina kwenye kadi halijawahi kubadilishwa. Hapa nyumbani halijatusumbua, kwa sababu askari wakitusimamisha huangalia leseni na bima, wanaturuhusu twende.

Nilipoanza kuulizia safari nikaambiwa kwamba ukivuka na gari lisilo na jina lako unatakiwa uwe na barua ya ruhusa ya mwenye gari, iliyothibitishwa na wakili. Mume wangu kwanza alinyamaza. Halafu akasema mfanyakazi mwenzake amevuka mara tatu na gari la mjomba wake na hakuna aliyemuuliza. "Tukifika pale tutaongea nao." Nikamwomba ampigie kaka yake. Akaniambia, "Siku nikipiga simu kumwomba barua, nimekubali kwamba ananidai." Kila tukizungumza tunakwama hapo hapo.

Si kadi peke yake. Mume wangu ni dereva mzuri na analipenda gari, lakini kwake maandalizi ni kubadilisha oili na kujaza tangi. Jumamosi iliyopita nilipiga magoti nje na tochi ya simu, nikasoma tarakimu nne zilizochapwa ubavuni mwa tairi la nyuma: 3616. Nilishasoma kwamba maana yake ni wiki ya 36 ya mwaka 2016. Nikamwita nikamwonyesha. Akalipiga teke dogo, akasema kashata bado nene. Labda ni kweli. Tena kule wanaendesha upande mwingine wa barabara, si kama huku kwetu, na yeye hajawahi kuendesha hivyo hata siku moja. Mimi nina leseni huu mwaka wa nne, ila safari ndefu hajawahi kuniachia usukani. Anapanga tuondoke saa nane usiku, ati barabara itakuwa tupu.

Nikisema lolote kati ya haya naambiwa nina hofu. Wiki iliyopita alisema mbele ya watoto, "Mama yenu akiendelea hivi, tutasafiri kwenye karatasi." Watoto wakacheka. Mimi nikaingia chumbani.

Binti yangu amechora ramani ya safari na kuibandika kwenye mlango wa kabati, na kila jioni anakata siku moja kwa kalamu nyekundu. Juzi nilikuwa namsuka nywele, akaniuliza, "Mama, na baba anajua tunaenda?" Nikamwambia aniletee kitana kingine. Nimeambiwa barua ya baba yake nayo itahitajika, nitaifuatilia nikipata nafasi.

Nafikiria kuongea na mke wa shemeji, maana sisi tunaelewana vizuri, niipate ile barua kimya kimya na kuiweka kwenye bahasha. Tusipoulizwa, haitatoka. Usiku mwingine nafikiria kumwambia dada hatuji. Usiku mwingine nawaza nipande basi na watoto, yeye abaki na gari lake. Sitaki kumdhalilisha mume wangu, na sitaki kusimama mbele ya dirisha la mpakani na watoto wawili nikisikia tunarudishwa. Nifanyeje?

Mwenye Bahasha

JIBU LA MSHAURI

Dada yangu,

Kwanza, hongereni kwa mtoto. Mtu aliyesubiri muda mrefu hivyo, siku ya tatu tu tangu ajifungue, sauti bado haijarudi, akakuita uje na watu wako wote, anakuhitaji kweli. Naelewa kwa nini bahasha hiyo umeipangua mara nne.

Nikuambie nilivyokuelewa, ili kama nimekosea ujue. Mna safari mnayoitaka nyote wawili. Inahitaji barua kutoka kwa mtu ambaye mumeo hasemi naye. Wewe unaona usalama wa watoto umo kwenye barua hiyo, yeye anaona heshima yake imo humo humo. Na kila unapotaja jambo la maandalizi, liwe tairi au saa ya kuondoka, linaitwa hofu, kwa hiyo sasa huna tena njia ya kusema jambo la kawaida likasikilizwa kama jambo la kawaida. Nadhani hilo la mwisho limekuumiza kuliko kadi yenyewe. Uliingia chumbani ulipochekwa, hukuingia chumbani kwa sababu ya tairi.

Sasa kuhusu kadi. Unapovusha gari lenye namba za nchi yako, forodha ya nchi ya pili inaliingiza kwa muda, bila kulitoza ushuru, kwa ahadi kwamba litatoka. Wasiwasi wao mkubwa ni gari kubaki kule na kuuzwa. Ndiyo maana wanauliza ni la nani, na kama mwenyewe hayumo ndani, nani amemruhusu aliyelishika kulitoa nchini. Kuna nchi zinazodai hata kitabu cha dhamana kiitwacho Carnet de Passages, ambacho hutolewa na vyama vya magari na hudumu mwaka mmoja. Kinagongwa muhuri unapoingia na unapotoka, na ukisahau muhuri wa kutoka unaweza kudaiwa ushuru kana kwamba gari uliliuza. Nyingine hutoa kibali hapo hapo mpakani kwa karatasi moja. Kabla ya wiki hii kwisha, pigeni simu kwa forodha ya nchi mnayokwenda au ubalozi wake, muulize ya kwenu ni ipi. Usitegemee maneno ya mfanyakazi mwenzake wala yangu.

Na huyo mfanyakazi mwenzake simwiti mwongo. Inawezekana kabisa alivuka mara tatu bila swali. Lakini dirisha la mpakani si mahali pekee ambapo jina lile linasomwa. Mkigongana na mtu siku ya pili, barabarani, mbali na mpaka, polisi na kampuni ya bima watauliza gari ni la nani na aliyeliendesha aliruhusiwa na nani. Hapo hakuna wa kuongea naye akaelewa. Hilo ndilo ningependa mumeo alisikie, na nadhani anaweza kulisikia vizuri zaidi kama halijaanzia kwenye neno "mpaka".

Mimi mwenyewe niliwahi kukaa saa nne kwenye benchi la mbao, na gari la rafiki yangu, barua ya ruhusa mkononi. Barua ilikuwa na muhuri, saini, kila kitu. Tarakimu moja ya namba ya chesisi ilikosewa, 8 ikaandikwa 3. Afisa aliweka kidole chake pale, akakisogeza taratibu kutoka kwenye barua hadi kwenye kadi, akarudi tena, na sikuwa na la kumwambia kwa sababu alikuwa na haki. Kwa hiyo mkiipata barua, kaeni nayo chini, kadi kando yake, msome tarakimu kwa tarakimu: namba ya gari, ya chesisi, ya injini, jina la dereva kama lilivyo kwenye pasipoti, nchi mnayokwenda, tarehe ya kwenda na kurudi. Na majina ya madereva yawe mawili. Hilo nitalirudia.

Turudi kwa mumeo. Amesema akiomba barua amekubali deni. Wengi wangemjibu kwamba hilo ni jeuri tu. Mimi naona amesema jambo lenye maana, na pengine hajapata mtu wa kumkubalia hivyo. Barua ile itaandikwa "mimi, mwenye gari", na atakayeitia saini ni kaka yake. Mtu anayeamini amelipa gari lake lote, kumwomba mwingine ajiite mwenye gari, tena kwa muhuri wa wakili, ni kitu kizito. Umewahi kumwambia kwamba unaliona hilo? Sikuulizi kwa kukulaumu. Katika barua yako nzima sikuona kama wewe unaamini alilipa au hakulipa. Huenda naye hajui wewe unaamini nini.

Kuna namna ya kutenganisha mambo haya mawili. Ndugu wawili wanaweza kuandika ukurasa mmoja wa pembeni, wenye saini zao, kwamba barua ya ruhusa ni kwa ajili ya safari hii tu na haimfungi yeyote kuhusu malipo yanayobishaniwa. Wakili atakayethibitisha barua anaweza kuwaandikia na huo. Anayekwenda kwa kaka mtu si lazima awe mumeo, wala si lazima awe wewe; anaweza kuwa mtu ambaye wote wawili humheshimu, na ambaye hatageuza safari ya watoto kuwa kesi ya deni. Hatari yake unaijua: shemeji anaweza kusema, "Kwanza nilipwe." Akisema hivyo, mtajikuta mmefungua mlango ambao mumeo amekuwa akiuegemea kwa mgongo mwaka mzima. Je, mko tayari kwa mazungumzo hayo ndani ya wiki saba? Wengine wangesema afadhali yaje sasa kuliko siku gari litakapotaka kuuzwa, maana kadi itatakiwa tu. Wengine wangesema msichanganye furaha ya dada na ugomvi wa ndugu. Kubadilisha jina kabisa ndiyo njia safi kuliko zote, ila ndiyo inayowataka wamalize maneno yao kwanza, na muda wake hauko mikononi mwenu.

Sasa ile njia ya kimya kimya. Nimeifikiria sana kwa sababu najua ilivyo rahisi. Mke wa shemeji anakupenda, barua inapatikana, bahasha inafungwa. Lakini nataka utazame picha moja. Mmefika dirishani, mmechoka, mtoto wa miaka mitano anataka msalani. Afisa anauliza barua ya mwenye gari. Mumeo anaanza kuongea naye, kama alivyoahidi. Na wewe unafungua bahasha. Katika sekunde hiyo atajua kwamba ulimwendea kaka yake, kwamba mke wa kaka yake anajua, kwamba watu wote walijua isipokuwa yeye, na atayajua hayo mbele ya mtu mgeni na watoto wake. Barua itawavusha. Lakini zitakuwa zimebaki kilomita nyingi ndani ya gari moja. Tena usisahau kwamba utakuwa umemtwisha siri mwanamke mwingine katika nyumba yake. Sikuzuii. Kuna ndoa ambamo jambo kama hilo husamehewa kabla ya kufika kituo cha mafuta kinachofuata, na ya kwako waijua wewe. Ila usijiambie kwamba isipotoka kwenye bahasha itakuwa haikutokea.

Basi nalo ni njia halali, si adhabu. Mnaweza pia kwenda na gari hadi karibu na mpaka, mkaliacha mahali salama, mkavuka kwa miguu na kuendelea na usafiri wa umma au kupokewa na shemeji yako wa upande wa pili. Gari la kukodi huvuka ikiwa tu kampuni imeandika ruhusa, na si zote zinakubali. Kila moja ya njia hizi inaokoa kitu na kupoteza kingine. Mumeo alisema "kwa gari letu" papo hapo aliposikia sauti ya dada yako. Ningependa ujue alichokuwa anakitoa pale. Labda alitaka kuwa yeye aliyekufikisha. Kama ni hivyo, safari ya basi itakuwa na ladha ya kunyang'anywa, hata kama ni ya busara.

Kuna jambo jingine katika barua yako, na nakuomba ulipokee kwa upole ninaolitoa nao. Kuhusu kaka wa mumeo umeandika kwa kirefu. Kuhusu baba wa binti yako umeandika sentensi moja: "nitaifuatilia nikipata nafasi." Mtoto alikuuliza kama baba anajua, ukamwagiza kitana.

Ile barua ni nzito kuliko ya gari. Gari likikosa karatasi, mtalirudisha. Mtoto anayevuka na mzazi mmoja, tena pamoja na mwanamume mwenye jina tofauti na lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, huwafanya maafisa wasimame hata wakiwa na roho nzuri, na wako sahihi kusimama. Nchi zaidi ya 100 zimo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1980 unaohusu watoto wanaochukuliwa na mzazi mmoja kwenda nchi nyingine bila ridhaa ya mwenzake, na hata zisizomo zina sheria zao. Kwa kawaida hutakiwa cheti cha kuzaliwa, barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri iliyothibitishwa, nakala ya kitambulisho chake na namba yake ya simu. Kama kuna amri ya mahakama inayokupa malezi peke yako, hiyo huweza kutosha, na kama haipo, wakili ndiye wa kuulizwa. Pasipoti ya mtoto nayo iangalie leo. Nchi nyingi zinataka iwe na miezi sita mbele.

Sijui kwa nini simu hiyo ni ngumu kwako. Huenda atakataa. Huenda atauliza maswali asiyo na haki nayo, au utasikia tena sauti uliyoifunga miaka mingi. Huenda unaogopa mumeo atajisikia vipi, baada ya miaka saba ya kumlea, kuona kwamba karatasi inamtambua mwingine. Sababu yoyote kati ya hizo inatosha kumfanya mtu aseme "nikipata nafasi". Lakini unaona inavyofanana na ya mumeo? Kila mmoja wenu anadaiwa simu kwa mtu ambaye hataki kumwomba chochote. Wewe umeizungushia sentensi fupi, yeye ameizungushia mzaha kuhusu karatasi. Sijui itakuwaje ukimwendea, watoto wakiwa wamelala, ukaanza na ya kwako: kwamba na wewe kuna namba hujaipiga, na kwa nini. Inaweza isibadilishe kitu. Ila itakuwa mara ya kwanza mnakaa upande mmoja wa meza.

Kuhusu gari lenyewe, hukukosea kupiga magoti. Mpira huzeeka hata usipotembea, hukauka na kupasuka kwa ndani mahali teke halifiki, na watengenezaji wengi husema tairi likifika miaka 10 liondolewe hata kama kashata zake ni nene; baada ya mitano likaguliwe kila mwaka. La kwenu linakaribia 10. Fundi wa matairi mnayemwamini alitazame, pamoja na la spea, ambalo mara nyingi ni la zamani kuliko yote manne na hakuna anayelikumbuka. Mumeo akiambiwa na fundi, hatakuwa ameshindwa na mkewe.

Upande wa barabara nao unastahili dakika zenu. Mtu akibadilisha upande, hakosei sana penye magari mengi, kwa sababu anafuata wengine. Anakosea asubuhi akitoka kituo cha mafuta kitupu, au akikata kona kwenye njia isiyo na mtu, mikono inapojiendea yenyewe. Na usukani wa gari lenu utakuwa ukingoni mwa barabara badala ya katikati, kwa hiyo mkiwa nyuma ya lori, utakayeona kwanza gari linalokuja ni wewe uliyeketi pembeni yake. Mnahitajiana pale kwa namna ambayo hamjawahi kuhitajiana ndani ya gari. Kubalianeni mapema maneno mafupi ya kuambizana, na aache nafasi kubwa nyuma ya lori ili naye aone. Taa za mbele pia zimetengenezwa kumulika ukingo wa upande wenu. Kule zitawapiga machoni wanaokuja, ila kuna vibandiko vya kuzielekeza.

Ndiyo maana nilisema majina mawili kwenye barua. Kuondoka saa nane usiku maana yake dereva mmoja ataamka usingizi ukiwa mzito kuliko wakati wowote, aendeshe hadi jioni. Watafiti nchini Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hushika mambo vibaya kama aliye na pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinamkamata nacho dereva. Hahitaji kukuachia usukani mpakani. Anza kuushika Jumapili hii, saa moja ya barabara kuu, yeye pembeni. Abiria asiyepata raha huzoea, au mtagundua mapema kwamba hazoei, na mtapanga vituo vingi zaidi.

Yaliyobaki ni ya kupiga simu tu. Ulizeni kama leseni zenu zinakubaliwa kule zilivyo au zinataka leseni ya kimataifa, na kama inatakiwa, ni ya mkataba upi wa kimataifa wa barabarani: ya mkataba wa 1949 hudumu mwaka mmoja, ya ule wa 1968 yaweza kufika mitatu, na zote hutembea pamoja na leseni ya nyumbani. Bima yenu ya kawaida huenda inakoma mpakani. Kanda nyingi zina kadi yake ya kuvukia, ya Kijani Ulaya, ya Njano kwa nchi kadhaa za COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), ya Kahawia kwa ECOWAS (jumuiya ya Afrika Magharibi), lakini kumbukeni kadi hizo humlipa mnayemgonga, hazilipi gari lenu. Ikihitajika chanjo ya homa ya manjano, cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni cha maisha. Dawa mnazotumia zibaki kwenye pakiti zake, na cheti cha daktari.

Kuahirisha pia kupo, na sidhani dada yako atakupenda pungufu ukifika mwezi wa tatu badala ya wa pili. Lakini usimpigie kumwambia "hatuji" usiku, ukiwa peke yako na bahasha.

Na kabla ya simu ya shemeji, kabla ya wakili na fundi, kuna yule wa kalamu nyekundu. Maafisa wengine humgeukia mtoto na kumuuliza kwa upole: unakwenda wapi, huyu ni nani, na baba yako anajua? Ni swali lile lile alilokuuliza akiwa ameinamisha kichwa mapajani mwako. Sijui ukimrudia leo au kesho utamjibu nini. Huenda ni "bado, na ninaogopa kumpigia". Ana miaka 11, anaweza kulibeba jibu hilo. Ningependa tu alisikie kwako, mikono yako ikiwa kwenye nywele zake.

Niandikie mkirudi, au mkiamua kubaki.

Mshauri wako